Watoto wa Shaba na Sauti Zao

Mwaka 1952 Hugh Tracey alifika Jadotville na vyombo vyake vya kunasa sauti. Mji huo wa viwanda vya shaba, katika Katanga ya Kongo, leo unaitwa Likasi. Tracey alikuwa Mwingereza aliyekuja Rhodesia ya Kusini akiwa kijana kulima tumbaku, akaishia kuwinda nyimbo. Jenereta yake aliiweka mbali na waimbaji ili mngurumo usiharibu kazi, akavuta waya mrefu hadi kwenye mashine, kisha akashika maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe. Aliisogeza huku na huku, akiileta karibu na mwimbaji, akiishusha kwenye ala, kama mtu anayemulika kwa taa.

Huko Jadotville alikutana na kijana wa miaka ishirini na ushei, gitaa begani. Jina lake Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, makao ya mfalme Msiri na watu wake, Bayeke. Alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na kidole cha shahada. Gumba lilishika nyuzi nene likaenda na mwendo wake. Kidole cha shahada kilicheza juu ya nyuzi nyembamba na mwendo mwingine kabisa. Anayesikiliza kwa mara ya kwanza huapa kwamba wapigaji ni wawili. Wimbo aliourekodi Tracey unaitwa Masanga. Ukatoka kwenye santuri ya kampuni ya Gallo, ukapata tuzo ya Osborn kuwa muziki bora wa Afrika wa mwaka ule, na miaka tisa baadaye msomi David Rycroft alikuwa akiandika noti zake moja moja ili wasomaji wa jarida waone vidole viwili vilifanyaje kazi ya vinne.

Tracey alikunja waya wake akaondoka. Utepe ukaenda kusini, Bosco akabaki mjini na gitaa lake. Kwa miaka mingi habari hii imesimuliwa kama habari ya ugunduzi: mzungu amekuja, amegundua kipaji, dunia imesikia. Mimi nataka kuisimulia kutoka upande wa pili, upande wa wale waliobaki mtaani baada ya gari la Tracey kuondoka. Katika nchi ya shaba, vijana wamekuwa wakikutana kuimba, kuchora, kuigiza na kupiga picha tangu kabla ya gari lile na hadi leo. Mashine zimekuja na kuondoka mara nyingi, na wao wameendelea kukutana.

*

Wageni wanaoijua Jadotville wanaijua kwa mambo mawili. La kwanza ni urani ya Shinkolobwe, machimbo yaliyo karibu na mji, ambayo madini yake yaliingia katika mabomu ya Marekani ya mwaka 1945. La pili ni mapigano ya Septemba 1961, wakati kikosi cha askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa kilipozingirwa na jeshi la Katanga iliyokuwa imejitenga. Mwaka 2016 mapigano hayo yalitengenezewa filamu. Haikupigwa Likasi, sehemu kubwa ilipigwa Afrika Kusini. Nitarudi Afrika Kusini mwishoni, kwa sababu nyingine.

Mji wenyewe ulizaliwa na kampuni. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, kisha ikasonga kaskazini magharibi kuelekea Kambove. Kilomita kama 120 kutoka Elisabethville, kiwanda cha Panda kilianza kuchambua mawe, na kufikia mwisho wa miaka ya 1920 kile cha Shituru kilikuwa kikisafisha shaba kwa umeme. Mji ukapewa jina la Jean Jadot, mhandisi wa reli na mkubwa wa kampuni. Jina hilo lilifutwa katikati ya miaka ya 1960, lakini wazee wamelitumia muda mrefu baada ya hapo, na katika midomo yao sisikii mapenzi kwa Jadot. Nasikia ujana wao.

Wafanyakazi waliletwa kutoka mbali: Kasai, Luapula, Rhodesia ya Kaskazini, Ruanda-Urundi. Mwanzoni waliletwa wanaume tu, kwa miezi, wakafa wengi. Kuanzia mwaka 1928 kampuni ilibadili mpango, ikatoa mikataba ya miaka mitatu na kuwaruhusu waje na wake. Kambi zikajaa watoto. Baba alizungumza Kiluba, jirani Kibemba, mwingine Kitetela, na mtoto aliyekua uani kati yao wote akachukua Kiswahili kama lugha yake ya kwanza. Ni Kiswahili chenye mwendo wake: watu ni batu, vitu ni bintu, na Kifaransa kinaingia na kutoka bila kubisha hodi. Mtu wa Unguja huenda akatabasamu anapokisikia. Lakini kizazi kizima hakikuwa na lugha nyingine ya kuchekea, na sanaa yote nitakayoisimulia hapa imetoka katika lugha hiyo, hata pale jina la kikundi lilipoandikwa kwa Kifaransa.

*

Desemba 1941, vita vikiwa vimepandisha bei ya kila kitu na mishahara ikiwa imelala palepale, wafanyakazi wa Union Minière waligoma, Jadotville na Elisabethville. Tarehe 9, kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville, askari waliufyatulia risasi umati uliokuwa ukingoja jibu. Watu makumi walikufa. Uwanja uleule ambao kampuni iliwajengea wafanyakazi ili wacheze ndipo walipouawa.

Naitaja siku hiyo kwa sababu haiwezekani kuelewa vilabu, kwaya na karakana zilizofuata bila kuikumbuka. Baada ya vita kampuni, misheni na serikali ya Wabelgiji walishughulika sana na muda wa mapumziko wa Mwafrika wa mjini. Walifungua vilabu, wakaunda vikosi vya skauti, wakafundisha ngumi na mpira, wakafungua vyumba vya kushonea kwa akina mama. Nia yao ilijulikana: kijana aliye kwenye mazoezi ya kwaya hayuko kwenye mkutano wa mgomo. Vijana nao waliijua nia hiyo, wakaenda hata hivyo, maana palikuwa na piano.

Elisabethville palikuwa na kwaya ya wavulana iliyoongozwa na mtawa Mbenediktini, Anschaire Lamoral. Jina lake kwa Kifaransa lilikuwa Petits Chanteurs à la Croix de Cuivre, yaani waimbaji wadogo wa msalaba wa shaba. Msalaba wa shaba haukuletwa na misheni. Karne nyingi kabla ya Mbelgiji yeyote kufika, wafua shaba wa Katanga walikuwa wakimimina misalaba midogo ya madini hayo na kuitumia kama fedha. Kwaya ilivaa alama ya Kanisa, na wahenga wakawamo ndani yake bila kuulizwa. Mwanamuziki Joseph Kiwele, aliyezaliwa mwaka 1912, alifanya kazi katika mazingira hayohayo. Alitunga Missa Katanga, misa iliyoifanya ibada ya Kilatini itembee kwa mwendo wa hapa. Mwaka 1960, Katanga ilipojitenga, ndiye aliyetunga wimbo wake wa taifa na kuwa waziri wake wa elimu. Alifariki mwaka uliofuata.

Mwaka 1946, katika mji huohuo, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi la majini, alifungua karakana ya uchoraji. Ikaitwa Le Hangar, bohari. Aliwakusanya vijana, akawapa rangi na karatasi, akawaambia wachore walichonacho moyoni, na akakataza kabisa wafundishwe uchoraji wa Ulaya. Bela alichovya ncha za vidole kwenye rangi akadonoa donoa karatasi hadi mnyama akatokea. Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na nyoka katika vichaka vya majani vilivyojaa hadi ukingoni. Mwenze Kibwanga alijenga miili ya watu kwa mistari mifupi iliyopangwa kama shamba lililolimwa matuta. Kazi hizo zimesafiri hadi New York na Paris, na ukiziona leo bado zinapumua.

Hata hivyo kuna jambo linalonikera kila ninaposoma habari za Le Hangar. Kijana aliachiwa uhuru wote isipokuwa uhuru wa kuchagua. Kama angetaka kuchora bomba la moshi la kiwanda aliloliona kila asubuhi, angeambiwa hiyo si Afrika. Bwana aliyependa sana sanaa ya vijana wake ndiye aliyeamua Afrika ni nini: samaki ndiyo, reli hapana. Alipofariki mwaka 1954 karakana iliisha naye, na wachoraji wakaingia katika chuo cha sanaa kilichokuwa kimeanzishwa na Laurent Moonens mwaka 1951. Bohari iliyosimama juu ya mtu mmoja ilianguka na mtu mmoja.

*

Wakati wachoraji wakikatazwa kuchora mji, wanamuziki walikuwa wakiuimba. Katika Elisabethville kuna mtaa uitwao Kenya. Msomaji wa Mombasa asichanganyikiwe, ni mtaa wa Waafrika ndani ya mji ule. Huko, katika miaka ya 1950, lilitokea kundi la JECOKE, kifupi cha Jeunes Comiques de la Kenya, vijana wachekeshaji wa Kenya. Waliimba, walicheza, waliigiza vituko, na waliwaiga wakubwa wa mji hadi watu wakashika mbavu. Edouard Masengo alitoka hapo, na Losta Abelo naye. Muziki wao ulikuwa gitaa kavu, sauti mbili tatu, na chupa ya soda iliyogongwa au kukwaruzwa kushika mwendo.

Chupa hiyo inastahili kutazamwa. Misheni ilitoa piano. Le Hangar ilitoa rangi. JECOKE walichukua chupa tupu kutoka baa. Hawakuhitaji barua ya padri wala ruhusa ya ofisi ya kampuni, na hakuna aliyeweza kuja kudai irudishwe. Nafikiri hii ni sababu mojawapo ya kundi hilo kuishi kuliko karakana: jina la JECOKE lilizidi kutajwa Lubumbashi kizazi baada ya kizazi, likipokea vijana wapya kadiri wa zamani walivyozeeka.

Kisha redio ikawachukua mbali zaidi ya mtaa. Masengo alikwenda Nairobi, akawa sauti ya matangazo ya Coca-Cola, na pengine chupa ile iliyogongwa Elisabethville ilikuwa imerudi kwa mwenyewe. Bosco naye alikaa Nairobi kwa muda mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akiwa na kipindi chake redioni. Vijana wa Kenya waliokuwa wakijifunza gitaa walikaa karibu na spika wakitafuta kwa sikio vile vidole viwili vilivyokuwa vinafanya. Mpenzi wa muziki wa zamani wa Kenya anayesifu gitaa la vidole la miaka hiyo anasifu, kwa sehemu, mtaa wa Jadotville. Mwaka 1969 Bosco alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani.

*

Uhuru ulikuja mwaka 1960, Katanga ikajitenga, ikarudishwa kwa nguvu mwaka 1963. Mobutu akashika nchi 1965. Mali ya Union Minière ikataifishwa na baadaye ikaitwa Gécamines; jimbo likaitwa Shaba; nchi ikaitwa Zaire. Ninayapita haya haraka kwa sababu yameandikwa sana. Yasiyoandikwa sana ni jinsi kikundi cha maigizo kinavyokaa pamoja miaka thelathini.

Kikundi cha Mufwankolo kiliongozwa na Odilon Kyembe Kaswili, ambaye jina la mhusika wake, Mufwankolo, lilimeza jina lake la kuzaliwa. Alianza uigizaji katika vikundi vya vijana vya miaka ya 1950. Yeye na wenzake waliingia redioni, kisha kwenye televisheni, na michezo yao ya Kiswahili ikawa sehemu ya juma la familia za Lubumbashi, kama mahubiri ya Jumapili.

Namna yao ya kufanya kazi tunaijua kwa undani kwa sababu mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi, alikaa nao mwaka 1986. Kisa kilianzia mezani. Fabian alialikwa chakula kwa marafiki, akawekewa firigisi ya kuku, sehemu ya mgeni wa heshima. Kwa adabu yake ya Kizungu akataka kuikata agawane na wenzake. Akazuiwa. Mwenzake mmoja akamwambia kwamba mamlaka huliwa mazima. Firigisi haigawanywi, na utawala haugawanywi.

Fabian akawauliza waigizaji maneno hayo yana maana gani. Jibu lao ndilo linalonifanya niwapende watu nisiowahi kuwaona. Hawakumfafanulia. Walisema watayafanyia mchezo.

Mchezo haukuandikwa. Walianza na jina, wakakaa kulijadili: mamlaka ni ya nani, chifu akishindwa nani anamwambia, mke wa chifu anasimama wapi, vijana wasioheshimu wafanywe nini. Kila mtu alisema, wakongwe na wageni. Katika mazungumzo hayo kisa kikapata mifupa, kikagawanywa katika maonyesho, na kila mwigizaji akapewa nafasi yake. Maneno hakupewa. Aliambiwa: hapa unaingia, hapa umekasirika, hapa unatoka, utakachosema utakijua mwenyewe. Wakafanya mazoezi, wengine wakitazama na kukatiza. Chifu hasimami hivyo. Mwanamke wa kijijini hawezi kumjibu mkwewe namna hiyo. Rudia. Wakarudia, na kila mara maneno yalikuwa mengine kidogo, yamekaa vizuri zaidi mdomoni. Hatimaye walikwenda kijiji cha Kawama, karibu na Lubumbashi, wakauigiza mbele ya kamera za televisheni na wanakijiji.

Ikumbukwe mwaka ulikuwa 1986. Mobutu alikuwa na miaka ishirini na moja madarakani. Kikundi cha watu wa kawaida, wengi wao wenye kazi zao nyingine za kuwalisha, kilitumia wiki kadhaa kujadili kwa sauti kama mamlaka hugawanyika au la, na kikaonyesha mjadala huo kwa televisheni ya serikali, kikijikinga kwa chifu wa kijijini na ngoma. Fabian alinasa mazoezi yote na kuyaandika neno kwa neno. Ukiyasoma leo unakuta mahali pa kufikiri pamoja palipojengwa na watu wasio na jengo.

*

Naombwa na simulizi hii niseme pia lililovunjika.

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka. Vipuri havikununuliwa, fedha ziliibwa, na kufikia 1993 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mshahara ukachelewa mwezi, kisha mwaka. Shule za kampuni na vilabu vyake vikabaki kuta.

Katika njaa hiyo wanasiasa wa Katanga waliwapata vijana wasio na kazi. Chama cha UFERI cha Nguz a Karl-i-Bond na gavana Kyungu wa Kumwanza kilikuwa na jumuiya yake ya vijana, JUFERI. Agosti 1992 Étienne Tshisekedi, mzaliwa wa Kasai, alipochaguliwa waziri mkuu na mkutano mkuu wa taifa badala ya Nguz, vijana hao walirushwa dhidi ya majirani wenye asili ya Kasai. Likasi iliumia mapema na vibaya. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, na makumi ya maelfu walikimbilia shuleni na kituo cha reli. Walilala kando ya reli kwa majuma na miezi wakingoja treni ya kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawajawahi kuiona. Babu aliletwa na treni hiyohiyo. Watoto walifariki kwa kuhara na surua wakiwa bado wanangoja. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Kolwezi.

Nasema haya katika makala ya sanaa ya vijana kwa sababu JUFERI nayo ilikuwa mahali pa vijana. Kijana alipewa wenzake, sare ya fikra, jambo la kufanya jioni. Vilabu vya kampuni vilipofungwa, mtu mwingine alifungua chake. Na waliofukuzwa walizungumza Kiswahili kilekile, waliimba Masanga ileile.

*

Mwaka 2000 walimu wa chuo kikuu cha Lubumbashi, akiwamo mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, wakishirikiana na Bogumil Jewsiewicki, walianza mradi wa kumbukumbu za mji. Waliwaendea wakazi wakawaomba vitu vya nyumbani na maneno yanayokaa navyo: pasi ya mkaa, kiti, picha ya harusi. Wakafanya maonyesho katika jumba la makumbusho. Jina lao: Ukumbusho.

Hapo ndipo naona majina yakianza kugeuka. Petits Chanteurs, Le Hangar, Jeunes Comiques: nusu karne ya kujitambulisha kwa lugha ya mwenye piano. Kisha Ukumbusho. Na mwaka 2008 wasanii vijana wa Lubumbashi, miongoni mwao mpiga picha Sammy Baloji na mwandishi Patrick Mudekereza, waliunda shirika lisilo la faida wakaliita Picha. Hawakuhitaji kulifafanulia jirani yeyote. Mwaka huohuo waliandaa maonyesho yao ya kwanza ya picha na video, na tangu hapo yamerudi kila baada ya miaka miwili au mitatu, yakiongozwa mwaka 2010 na Simon Njami na mwaka 2019 na Sandrine Colard. Mudekereza baadaye akawa na kituo kingine cha sanaa, nacho kinaitwa Waza.

Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Mfululizo wake wa picha wa mwaka 2006, Mémoire, ulimletea tuzo mbili Bamako mwaka uliofuata. Alikwenda kwenye hifadhi za kampuni, akatoa picha za zamani za wafanyakazi, wengine wamesimamishwa nusu uchi wapimwe kama ng'ombe wa mnada. Akawakata kutoka kwenye mandhari yao na kuwasimamisha mbele ya mabomba yenye kutu na viwanda vilivyokufa alivyovipiga mwenyewe. Wao wamebaki katika nyeusi na nyeupe. Nyuma yao kutu ni ya rangi. Wanamtazama mtazamaji. Aliipiga Likasi pia, mtaa kwa mtaa, katika kazi iitwayo Vues de Likasi: nyumba, kuta, duka, mti, nyumba, zikifuatana bila kupendelewa hata moja. Ile reli iliyokatazwa Le Hangar imeingia kwenye fremu.

Kinachonivuta zaidi kuliko maonyesho ni yanayofanyika kati ya onyesho na onyesho. Picha inaendesha karakana ya mafunzo, Atelier Picha, ambapo kijana analeta kazi ambayo haijakamilika na wenzake wanaitazama pamoja naye. Kamera ni chache, kwa hiyo mmoja anapiga na wengine wanasema. Umeme unaweza kukatika katika nchi ambayo mabwawa ya mto Lufira yamekuwa yakilisha mitambo ya shaba tangu mwaka 1930. Goma, mbali kaskazini, Yole!Africa ya mtengeneza filamu Petna Ndaliko Katondolo imekuwa ikifanya kazi kama hiyo kwa filamu, muziki na dansi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika mji uliopitiwa na volkano na majeshi. Mtu akiniuliza vijana wa Lubumbashi wamejifunza wapi namna hiyo ya kukaa, ya kuleta kitu kibichi mbele za wenzako na kuwaacha wakikatize, nitamwonyesha mazoezi ya Mufwankolo: hapa unaingia, hapa unatoka, maneno utayajua mwenyewe.

*

Utepe wa Jadotville uko Afrika Kusini. Hifadhi ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954, inayojulikana kwa kifupi ILAM, ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes mwaka 1978, katika mji ambao leo unaitwa Makhanda. Imetunzwa vizuri, hilo lazima lisemwe. Katika hali ya hewa ya Likasi na vita vya Likasi utepe ule huenda ungekuwa umeoza. Mwaka 2014 hifadhi hiyo ilishirikiana na watu wa Ketebul Music wa Nairobi kurudisha nakala za nyimbo za Kenya kwa jamii zilikorekodiwa, na wazee walisikia sauti za vijana waliokuwa wao. Natamani sana kusikia siku kama hiyo ikifika Kikula na Panda, mitaa ya Likasi.

Bosco alifariki katika ajali ya gari Septemba 1990, mwezi uleule Kamoto ilipoporomoka. Masengo alifariki mwaka 2003. Kabla hawajaondoka, mpiga gitaa Mmarekani Elijah Wald alikwenda Katanga akakaa miguuni pao kujifunza, na tangu hapo amekuwa akifundisha alichopewa. Kwa hiyo kijana wa Likasi mwenye simu na kifurushi cha intaneti anaweza leo kumtazama mgeni kutoka ng'ambo akipunguza mwendo wa Masanga, kidole kwa kidole, na kurudia hadi vidole vyake navyo vikubali: gumba chini, kidole cha shahada kinajibu.